Kazi za Kiangazi katika Kaya ya Kale ya Usukuma

Msafiri atokaye mjini Mwanza kwenda Magu au Kwimba huona, mbali kidogo na barabara, duara za minyaa zilizosimama peke yake katikati ya mashamba. Ndani ya duara hizo hamna nyumba. Akiingia atakuta vigae vya vyungu, pengine jiwe la kusagia lililochimbika katikati, na udongo ulio mweusi kuliko ule wa nje. Mahali kama hapo Wasukuma hupaita itongo, na yakiwa mengi ni matongo. Mgeni hudhani kwamba kaya iliyokuwapo iliangushwa na vita, au njaa, au ugonjwa. Mara nyingine ndivyo ilivyokuwa. Lakini kaya nyingi zilikufa kwa sababu nyepesi kuliko hizo: kiangazi kimoja kilipita, kisha cha pili, bila ya mtu kuzifanyia kazi.

Vitabu vyetu vya historia vimeeleza mengi juu ya watemi, misafara ya pembe na vita vya ukoloni. Juu ya kuezeka paa vimeeleza machache mno. Upungufu huo si mdogo, kwa kuwa nyumba ya udongo na nyasi hairithiwi kama inavyorithiwa nyumba ya mawe ya Lamu au ya Unguja. Mwana wa Msukuma hakurithi kuta. Alirithi mahali, ua wa minyaa, makaburi ya wazee wake, na wajibu wa kuitengeneza upya kaya kila mwaka. Ukongwe wa kaya ulikuwa katika kazi.

Neno kaya hapa lisichukuliwe kwa maana finyu ya watu walao chungu kimoja. Katika Kisukuma kaya ni makao yote kwa jumla: nyumba za msonge za mwenye mji na za wake zake, zizi la ng'ombe, vihenge vya nafaka, uga wa kupuria, na ua uliozizunguka. Mvua katika nchi hiyo huanza mnamo Oktoba au Novemba na kwisha mwezi wa Mei, ingawa katikati yake hukatika kwa majuma kadhaa. Kuanzia Juni hadi Septemba jua ni kali mchana, usiku una ubaridi, na upepo hurusha vumbi. Huko Ulaya mkulima alifanya kazi za namna hii wakati majani ya miti yanapopukutika, ili baridi na theluji zisimkute hana kuni wala majani makavu ya mifugo. Katika Usukuma adui aliyeogopwa ni mvua ya kwanza. Kila kilichovuja, kilichooza au kilichoinama kilipaswa kuwa kimetengenezwa kabla haijanyesha.

Kazi ya kwanza ilihusu kihenge. Mtama na uwele ulipovunwa, mnamo Juni na Julai, hapakuwa na haja ya kuuleta nyumbani kama hapana mahali pa kuuweka. Kihenge kilisukwa kwa fito kama kapu kubwa, kikainuliwa juu ya mawe au magogo ili unyevu na mchwa visikifikie, kikakandikwa udongo uliochanganywa na samadi, kisha kikavikwa kofia ya nyasi iliyoweza kuinuliwa. Kila mwaka udongo wake ulipasuka. Nyufa hizo ndimo walimoingia wadudu na panya, na kwa hiyo kihenge kilikwanguliwa, kikakaushwa, kikakandikwa upya ndani na nje, na nafaka ikawekwa pamoja na majivu ili isibunguliwe. Uga nao ulisawazishwa na kupigwa samadi hadi ukawa mgumu kama sakafu, kwani mtama uliopurwa juu ya uga mbovu hujaa mchanga, na unga wake husaga meno ya wenyeji mwaka mzima.

Baada ya hapo likaja paa. Nyasi za kuezekea zilikatwa zikiwa zimekomaa lakini kabla moto wa porini haujazila wala ng'ombe kuzikanyaga, na hivyo muda wake ulikuwa mfupi. Ziliachwa zikauke, zikafungwa matita, zikapangwa kusubiri. Aliyechelewa kukata alilazimika kwenda mbali au kuomba kwa jirani. Paa zima halikuezuliwa kila mwaka. Fundi mzoefu alipanda, akachungulia mahali palipokuwa peusi kwa kuoza, akapigapiga pau na kombamoyo kusikia kama mchwa wamezila kwa ndani, akaondoa sehemu mbovu tu. Ndiyo maana paa la msonge wa zamani lilikuwa na rangi nyingi: kahawia iliyofifia ya miaka iliyopita na manjano ya mwaka huo. Moshi wa jikoni ulisaidia kuhifadhi nyasi na miti dhidi ya wadudu, na nyumba isiyowashwa moto iliharibika upesi kuliko ile iliyokaliwa. Jambo hili lafaa kuzingatiwa, maana laonyesha kwamba hata kupika kulikuwa sehemu ya matengenezo.

Kukandika kuta na kusawazisha sakafu kulikuwa kazi ya wanawake. Wao ndio waliojua ni udongo gani upasukao na ni upi ushikao, na Usukuma una aina nyingi za udongo zenye majina yake: luseni, yaani udongo wa kichanga wa miinuko, itogolo, ulio mgumu na usiopitisha maji, na mbuga, ule mweusi wa mabondeni unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Mwanafunzi wa jiografia anayejifunza leo jinsi udongo unavyobadilika kutoka kilimani hadi bondeni anajifunza jambo ambalo bibi yake alilijua kwa viganja. Wanawake haohao, katika miezi hiyohiyo, walitengeneza akiba ya chakula kisicho nafaka. Viazi vitamu vibichi vilikatwa vipande vikaanikwa juu ya miamba kuwa michembe. Vingine vilichemshwa kwanza kisha vikaanikwa kuwa matobolwa. Majani ya kunde yalikaushwa kuwa nsansa. Miamba mikubwa ya mawe ambayo mgeni wa Mwanza huipiga picha ilikuwa, kwa mama wa nyumbani, sakafu safi ya kuanikia.

Ua wa minyaa ulikuwa kazi ya wanaume, na haukuwa kazi ya kitoto. Mnyaa hupandwa kwa kuchomeka tawi ardhini, hauhitaji kumwagiliwa, ng'ombe haumli, na ukishashika huishi kuliko aliyeupanda. Lakini utomvu wake mweupe huunguza ngozi na waweza kumpofusha mtu. Aliyeupogoa alisimama upande unaotoka upepo, na watoto walifukuzwa wasikaribie. Mianya iliyotobolewa na mifugo ilizibwa kwa miiba, kisha matawi mapya yakachomekwa ili mvua iyakute. Kwa kuwa minyaa hudumu, itongo huweza kutambulika hata baada ya kuta kurudi kuwa udongo. Na udongo mweusi nilioutaja mwanzoni ni samadi ya zizi la zamani. Watu walipenda kulima tumbaku au mahindi mahali hapo, kwa sababu mazao yalistawi.

Zaidi ya ua palikuwa na ngitili. Hili lilikuwa eneo la malisho lililofungwa tangu mvua zinapoanza ili nyasi zikue bila ya kuguswa, likafunguliwa kiangazi kilipokaza na mbuga nyingine kuwa tupu. Kulikuwa na ngitili za kaya na ngitili za kijiji kizima. Kuilinda kulihitaji subira, kwani mtu aliona nyasi ndefu mlangoni pake ilhali ng'ombe wake wanatembea mbali kutafuta malisho, naye hakuthubutu kuwaingiza kabla ya wakati. Ndama, wagonjwa na majike yaliyozaa ndio waliofikiriwa kwanza.

Kazi zote hizi zisingeweza kutimizwa na familia moja. Kijana mmoja hawezi kusimamisha nguzo ya kati ya msonge. Hapa ndipo tunapokutana na basumba, vijana wa kijiji waliojipanga kwa kazi chini ya kiongozi wao aliyeitwa nsumba ntale. Mwenye kaya alipeleka ombi kwake, siku ikapangwa, vijana wakaja na zana zao pamoja na ngoma. Hapakuwa na ujira wa fedha, ila chakula na pombe, na kaya yenye uwezo ilichinja. Si kweli, kama wengine wapendavyo kuandika, kwamba watu walifanya haya kwa moyo mtupu wa upendo. Utaratibu ulikuwa na meno. Hans Cory, mwanasosholojia wa serikali ya kikoloni aliyechapisha kitabu juu ya sheria na desturi za Wasukuma mwaka 1953, alieleza jinsi vyama hivi vya vijana na wazee vilivyokuwa na kanuni na adhabu zake. Mtu aliyekwepa kazi za wenzake aliweza kutozwa faini, na akikaidi, hakuna aliyeitikia mwito wake. Kutengwa kwa namna hiyo kulitisha kuliko faini yoyote, kwa maana paa lake lingeingia mvuani likiwa wazi.

Mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu, ambayo mapokeo yanasema yalianzishwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, hufanyika katika miezi hiyohiyo baada ya mavuno. Wageni wengi waliona ngoma wasione kazi. Jioni nayo ilikuwa na shule yake. Wavulana walikusanya kinyesi kikavu cha ng'ombe na kuni, wakawasha shikome, moto wa uani ambapo wanaume hukaa usiku wakiota, na hapo wazee wakawasimulia habari za ukoo, mipaka ya mashamba, vitendawili, na majina ya waliozikwa ndani ya ua. Mvulana aliyechelewa kuwasha moto huo alinyimwa hadithi.

Kandokando ya Ziwa kiangazi kiliongezewa kazi nyingine. Wakerewe na majirani zao walikuwa na mitumbwi ya mbao zilizoshonwa kwa kamba za nyuzi za miti, na kamba hizo zilipooza chombo kilipandishwa ufukweni kikashonwa upya na kuzibwa. Katika kisiwa cha Ukara, kilicho kidogo na chenye watu wengi mno kwa eneo lake, kazi hazikuwa na mapumziko hata kidogo. Wakara walifuga ng'ombe ndani ya nyumba, katika shimo lililochimbwa chini ya usawa wa sakafu, wakawaletea majani yaliyokatwa kwa mkono. Samadi ilikusanyika humo, na kiangazi kilipokaribia kwisha ilibebwa vichwani kwa vikapu hadi mashambani, huku kuta za mawe zinazozuia udongo wa miteremko zikijengwa tena mahali zilipoporomoka. Miti yenyewe ilikuwa na mwenyewe, hata ikiwa imesimama katika shamba la mtu mwingine. Wataalamu wa kilimo waliokwenda huko wakati wa ukoloni walistaajabu kuona mbinu walizotaka kuzifundisha zikiwa zimekwisha kutumika kwa muda mrefu.

Atakaye picha kamili ya maisha ya kaya ya Ukerewe asome kitabu cha Aniceti Kitereza juu ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Kitereza alikimaliza mwaka 1945 kwa Kikerewe, akakitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, nacho kikachapishwa na Tanzania Publishing House mwaka 1980. Mwandishi alifariki mwaka 1981. Wahakiki wengine wamelalamika kwamba riwaya hiyo husimama mara kwa mara kueleza ujenzi, kilimo, upikaji wa pombe na dawa. Mimi naona hapo ndipo penye thamani yake. Mzee huyo alijua kazi hizo zitasahauliwa kabla ya majina ya watemi kusahauliwa.

Sasa tuangalie jinsi kiangazi kilivyogombewa. Hata kabla ya ukoloni hakikuwa mali ya kaya peke yake. Watu walikuwa na wajibu wa kulima mashamba ya mtemi na kutengeneza nyumba na ua wa makao yake, yaliyoitwa ikulu, neno ambalo taifa letu limelichukua kwa makao ya Rais. Katika karne ya 19 misafara ya kwenda pwani ilianza kuwachukua vijana wa Unyamwezi na Usukuma kuwa wapagazi. Walipendelea kusafiri wakati wa kiangazi ili wawahi kurudi kulima, na miezi hiyo ndiyo ambayo paa lilihitaji mikono yao. Mwingereza John Hanning Speke alipofika Mwanza na kuliona Ziwa tarehe 3 Agosti 1858, alikuja na wapagazi wa namna hiyo, katikati ya kiangazi. Kila mzigo uliokwenda pwani uliacha nyuma yake kazi iliyofanywa na wazee na wanawake, au isiyofanywa.

Wajerumani walitangaza kodi ya nyumba mwaka 1897, nyumba moja rupia 3. Kodi hiyo iliifanya nyumba ya udongo, ambayo gharama yake ilikuwa jasho na pombe, kuwa kitu cha kudaiwa fedha kila mwaka. Na asiyekuwa na fedha alifanya kazi badala yake. Waingereza nao, katika miaka ya 1920, waliugeuza wajibu wa watu kwa watemi kuwa sehemu ya kodi ya fedha. Machoni mwa mabwana shauri kiangazi kilikuwa wakati ambao Mwafrika hana la kufanya, na kwa hiyo chafaa kwa barabara na ujenzi wa serikali. Dhana hiyo imetuachia hasara, kwa sababu baadhi ya wasomi wetu wenyewe waliirudia.

Pamba ilileta mabadiliko makubwa zaidi kuliko kodi. Huvunwa katika kiangazi hichohicho. Mikono iliyokuwa ikikata nyasi ikawa inachuma na kuchambua, pamba safi huku na pamba fifi kule, kisha masalia yang'olewe na kuchomwa ili wadudu wasivuke kwenda msimu mwingine. Lakini tuwe waadilifu. Pamba ndiyo iliyowapa wakulima nguvu ya kujiunga. Mwaka 1955 vyama vyao viliungana katika Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na fedha yake ilisomesha watoto na kununua mabati. Paa la bati halihitaji basumba. Huhitaji fundi mmoja na misumari, na mwenye bati hana deni la kwenda kumwezekea jirani. Sijui kama aliyenunua bati la kwanza kijijini alilifikiria hilo. Pengine alifurahi tu kwamba halivuji.

Tangu mwaka 1947 serikali ya kikoloni iliendesha Mpango wa Maendeleo wa Usukuma. Malambo yalichimbwa, na mengi yalileta faida. Pamoja na hayo zilikuja amri za kulima kwa matuta na kupunguza mifugo, zikisimamiwa kwa faini. TANU ilipigwa marufuku Usukuma kuanzia mwaka 1954 hadi 1958, na hasira juu ya amri hizo ilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoutia moto upinzani wa wakulima. Watu hawakukataa kutunza ardhi yao, kwani walikuwa wakiitunza kwa ngitili na samadi. Walikataa kuambiwa wakati na namna ya kufanya hivyo na mtu asiyelala chini ya paa lile. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, vyeo vya watemi vilifutwa.

Kisha ukaja mwaka 1974. Mwalimu Nyerere alikuwa ametangaza mwishoni mwa mwaka 1973 kwamba ifikapo mwisho wa mwaka 1976 wananchi wote wa vijijini wawe wanaishi katika vijiji, na operesheni ilifanyika Mwanza na Shinyanga katika mwaka huo. Sababu zake zilielezwa waziwazi: shule, zahanati na maji haviwezi kuifuata kila kaya iliyojitenga. Watoto wengi walipata dawati la kwanza kutokana na uamuzi huo. Lakini palipofanyika haraka, watu walihamishiwa viwanja vilivyopangwa kwa safu kandokando ya barabara, na mahali pengine nyumba za zamani zilibomolewa au kuchomwa moto ili wasirudi. Katika kiwanja cha safu hapakuwa na nafasi ya zizi kubwa, wala ua wa minyaa, wala ngitili mlangoni. Jirani hakuwa tena yule ambaye baba yake aliezeka kwa baba yako. Matongo mengi tunayoyaona yana umri wa mwaka huo. Tangu miaka ya 1980 familia kadha wa kadha zilirudi kwenye ardhi zao za kale, na zilikuta minyaa imekuwa miti.

Huko Bujora, karibu na Kisesa, Padri David Clement kutoka Kanada alianza katika miaka ya 1950 kukusanya vyombo, ngoma na viti vya watemi, na makumbusho yaliyotokana na kazi hiyo yana nyumba za msonge ambazo wanafunzi huzitembelea. Mwalimu atakayewapeleka wanafunzi wake huko asiishie kuwaonyesha umbo la nyumba. Awaulize nani alikata nyasi hizi, lini, na nani atazibadili zikioza. Nyumba ya msonge ndani ya makumbusho ina njaa ileile ya kazi iliyokuwa nayo kijijini.

Ngitili ndiyo iliyorudi kwa nguvu kuliko mengine. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa kifupi kama HASHI, katika nchi iliyokuwa imekaribia kuwa jangwa kwa kukatwa miti na kuchungia kupita kiasi. Mwanzoni miche ya kigeni ilipandwa kwa wingi. Baadaye mradi ulielekea zaidi kwenye njia ya wenyeji: kufunga eneo, kuliacha, kungoja. Visiki vilivyodhaniwa vimekufa vilichipua. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Umoja wa Mataifa, na utafiti wa mwaka 2004 ulikadiria kwamba zaidi ya hekta 300,000 zilikuwa zimefunikwa tena na ngitili, nyingine za vijiji na nyingine za kaya moja moja, zikifungwa wakati wa mvua na kufunguliwa kiangazi kikikaza.